“Nipe ile nyekundu”: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kununua oili Mtwara na Lindi

Maswali haya yanarudi kila siku kwenye kaunta za maduka ya spea, kuanzia Mtwara mjini, Mikindani na Lindi hadi Masasi, Newala na Nachingwea. Mengine mteja hayaulizi kwa mdomo: ananusa kopo, analitikisa, anasugua oili vidoleni, au anampigia fundi simu. Hayo nayo yamejibiwa.

Nikisema “nipe ile nyekundu”, muuzaji ananielewa?

Anaelewa kitu kimoja kati ya vitatu, na huenda kisiwe chako. Liko kopo jekundu la oili ya injini. Iko oili yenyewe nyekundu, ya giaboksi za otomatiki na pawa stelingi. Na iko oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili, inayochanganywa na petroli), ambayo kiwanda kimoja huitia rangi nyekundu, kingine bluu, kingine kijani. Mazungumzo huenda hivi:

“Mjomba, nipe ile nyekundu.”
“Nyekundu kopo au nyekundu oili?”
“Nyekundu ya siku zote.”
“Ya chombo gani?”
“Si chombo changu kile, unakijua!”

Rangi hutiwa kiwandani ili watu watofautishe bidhaa. Haisemi lolote juu ya uzito (yaani oili ni nzito au nyepesi kiasi gani kutiririka) wala ubora wa oili. Taja vitu vitatu: chombo chenyewe (Boxer 150, TVS 125, IST, Hiace ya dizeli), aina ya injini kama unaijua, na namba ya oili. Kwa Toyota, fungua boneti usome kifuniko cha kumiminia oili; mara nyingi namba imeandikwa juu yake, mfano 5W-30. Aina ya injini, kama 1NZ-FE, iko kwenye kibati ndani ya boneti. Kwa pikipiki, piga picha ukurasa wa oili kwenye kitabu chake kabla hakijapotea, maana kitapotea.

Fundi amesema “chukua namba arobaini”. Ni ipi?

Hapa ndipo simu inapotolewa na kuwekwa spika, duka zima lisikie.

“Fundi, niko dukani, ongea na mwenye duka.”
“Mpe arobaini.”
“Arobaini tupu, au kumi na tano arobaini?”
“We mpe arobaini, yeye mwenyewe anajua.”
“Eti najua?” anauliza mteja.

SAE 40 tupu ni oili ya mashine za kizamani: injini za mashine za kusaga, baadhi ya pampu za maji, dizeli kongwe ambazo vitabu vyake viliitaja hivyo. 15W-40 ndiyo inayotumiwa sana na malori na pikapu za dizeli. Fundi anaposema arobaini kwa ajili ya pikapu, mara nyingi ana maana ya hii ya pili, lakini muulize akiwa bado hewani.

Namba ya kwanza, yenye W, hupimwa kwenye baridi. Oili ya 20W hujaribiwa kwa nyuzi 15 chini ya sifuri, ya 15W kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, na ya 5W kwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Hakuna asubuhi ya namna hiyo Mtwara, wala Newala juu kwenye uwanda wa Makonde ambako mwezi wa saba watu huvaa masweta. Namba ya pili hupimwa oili ikiwa na nyuzi 100 juu ya sifuri, na kwetu hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza, kwa kuwa ndiyo inayosema oili itabaki nzito kiasi gani injini ikishachemka.

Basi 5W-30 si nyepesi mno kwa joto la huku?

Hapana, kama ndiyo iliyotajwa na mtengenezaji. Injini ya gari ina thamostati na rejeta, ambazo kazi yake ni kuiweka kwenye joto lilelile, liwe jua la Lindi au mvua ya Iringa. Injini za kisasa zina nafasi ndogo sana kati ya beringi na shafti. Oili nzito hupita humo kwa shida, hasa dakika za kwanza baada ya kuwasha.

Kwa Toyota za zamani kidogo ambazo kitabu chake kinaruhusu namba nzito, na injini imeanza kula oili, kuhamia 10W-40 au 20W-50 ni uamuzi wa busara. Kwa gari la haibridi au lolote lililoandikwa 0W-20, usithubutu 20W-50 eti kwa sababu jirani anaitumia kwenye Carina yake.

Kwa nini mnanikataza kumalizia kopo la lita 4? Nimelilipia.

Umelilipia, ni lako, lakini injini haijaliomba lote. 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST nyingi za sisi 1500, inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta. Usipobadilisha filta ni lita 3.4. Inayobaki funga kizibo, andika namba yake kwa kalamu, weka kwenye buti ya kuongezea baadaye.

Mwenye “kuzidisha kidogo kwa usalama” ndiye anayerudi baada ya wiki akiuliza mbona oili inavuja. Oili ikipanda hadi kufikiwa na kilanki (shafti inayozungushwa na pistoni), inapigwapigwa mpaka inatoa povu. Povu ni hewa. Pampu inavuta hewa, presha inashuka, beringi zinakauka huku sampu (bakuli la oili chini ya injini) imejaa. Presha ya gesi ndani nayo inasukuma oili kwenye sili.

Namna ya kupima: simamisha gari mahali tambarare, si kwenye mteremko wa kushukia feri. Zima injini, subiri dakika 5 hadi 10. Chomoa stiki, futa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena ndipo usome. Ukisoma mara ya kwanza bila kufuta unasoma oili iliyorukia juu. Kwenye magari madogo mengi, kutoka alama ya chini hadi ya juu ni kama lita moja, kwa hiyo ukiwa katikati ongeza nusu lita tu, upime upya.

Mimi wa bodaboda. Naweza kununua nusu lita, nyingine nikapate hesabu kwanza?

Ombi hili huja saa 12 asubuhi, na linaeleweka. Lakini fanya hesabu. Boxer na TVS za sisi 100 hadi 150 hubeba kama lita moja tu. Ukimwaga yote na kutia nusu, unaendesha na nusu ya damu. Ukiacha chafu na kuongezea nusu mpya juu yake, uchafu wote wa zamani umebaki humohumo, na baadhi ya pikipiki za aina hii hazina filta ya karatasi kama ya gari. Zina wavu wa kuchuja vipande vikubwa tu.

Nusu lita ni halali kwa kuongezea pale kiwango kimeshuka. Kwa kumwaga, nunua lita nzima. Anayekimbia kilomita 100 kwa siku anafikisha 2,000 kwa siku 20, na kwa pikipiki ya biashara inayopakia watu wawili na gunia kwenye barabara ya vumbi, hapo ndipo pa kumwaga. Kama mita ya kilomita imekufa, hesabu siku, au weka kumbusho kwenye simu.

Ukinunua oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa, omba kuona pipa lenyewe na lebo yake. Chupa ya maji ya kunywa iliyobaki na matone ndani si kipimo.

Oili ya gari na ya pikipiki si zote oili?

Kwenye pikipiki nyingi, injini, giaboksi na klachi vinaogelea kwenye oili moja. Baadhi ya oili za magari, hasa nyepesi zilizoandikwa kwamba zinapunguza matumizi ya mafuta, zina viambato vya kuondoa msuguano. Klachi inaishi kwa msuguano. Ikikosa, unapanda kilima cha Mikindani injini inalia na chombo hakiendi.

Tafuta alama ya JASO (kiwango cha Kijapani) MA au MA2 kwenye kopo, pamoja na 4T (injini ya mipigo minne) na namba iliyoko kitabuni. JASO MB imetengenezwa kwa skuta za otomatiki, ambazo klachi yake haimo ndani ya oili.

Mteja akinusa au kusugua oili vidoleni, anajua nini?

Machache. Pua inaweza kukamata oili iliyochakachuliwa vibaya, yenye harufu ya kuungua au ya dizeli. Iliyochakachuliwa kwa ustadi hainuki kitu. Vidole havipimi uzito hata kidogo, kwa sababu oili iliyoanikwa juani mlangoni itateleza zaidi ya ileile iliyo kwenye rafu ya ndani. Anayetikisa kopo asikie “imejaa” anasikia nafasi ya hewa ambayo kiwanda huiacha makusudi.

Kagua hivi badala yake:

Pete ya kizibo iwe imeshikana na kizibo pande zote. Ikiwa imekatika au kuna gundi, rudisha. Ukifungua, makopo mengi yana karatasi ya bati iliyobandikwa mdomoni. Iwe imekaza, bila mikunjo ya kubandikwa mara ya pili. Soma namba ya toleo na tarehe kwenye chupa. Ukiikwangua kwa kucha ikatoka, una sababu ya kushuku. Linganisha na kopo la pili la aina hiyohiyo: lebo zikae mahali pamoja, herufi zisiwe na ukungu. Angalia kitako, kopo jipya halina michubuko ya kuburutwa sakafuni. Tafuta alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Na kama kuna mizani, lita moja ya oili ina uzito wa gramu 870 hivi bila chupa, pungufu ya lita ya maji; lita 4 ni kama kilo tatu na nusu.

Ukikuta bandia, peleka kopo na risiti kwa TBS au Tume ya Ushindani. Kuliweka kwenye kundi la WhatsApp la madereva kunafurahisha, lakini muuzaji wa bandia naye yumo kwenye kundi hilo.

Naomba kopo tupu. Kwa nini baadhi ya maduka yanalitoboa kwanza?

Kwa sababu makopo safi yenye vizibo vyake ndiyo mtaji wa wachakachuaji. Kwa matumizi ya nyumbani lililotobolewa halina faida, tunajua. Lakini usiweke maji ya kunywa wala mafuta ya kula kwenye kopo la oili hata ukilisugua kwa mchanga na sabuni. Plastiki inakuwa imeshanyonya.

Nimekuja na dumu la petroli la mashine ya salfa. “Nitilie 2T mpaka ibadilike rangi” inatosha?

Haitoshi, na swali hili ndilo linaloua mashine nyingi za kupulizia mikorosho kati ya mwezi wa tano na wa nane. Injini ya 2T haina oili kwenye sampu. Inapata ulainisho kutoka kwenye petroli yenyewe, kwa hiyo kipimo chako kwenye dumu ndiyo huduma yote inayopata. Na rangi inadanganya: oili yenye rangi kali hupaka dumu zima kwa matone machache.

Soma kifuniko cha tangi au kitabu cha mashine. Kikisema 50:1, tia mililita 20 kwa kila lita ya petroli: mililita 100 kwa lita 5, mililita 400 kwa lita 20. Kikisema 25:1, zidisha mara mbili: mililita 200 kwa lita 5. Huna kipimo? Chupa ya dawa ya kikohozi iliyoandikwa mililita 100, ikioshwa na kukauka kabisa, ni kipimo kizuri kuliko vifuniko vya soda. Tia kwanza nusu ya petroli, mimina oili, tikisa, malizia petroli, tikisa tena. Tikisa na kila asubuhi kabla ya kujaza tangi.

Oili ikipungua, pistoni inakwaruza silinda na kunoki, tena mara nyingi saa za kazi nzito mashine ikiwa mgongoni. Ikizidi, plagi inalowa, mlango wa moshi unaziba kaboni, mashine inakosa nguvu ya kurusha salfa hadi juu ya mti, na mkulima anapandisha gesi akidhani salfa ni mbovu. Ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho unaopuliziwa salfa, haungoji fundi.

Usitumie oili ya injini ya gari kuchanganyia. Ina viambato vya madini vinavyoacha majivu kwenye plagi na pistoni.

Msimu ukiisha, mwaga mchanganyiko wote, washa mashine iishe petroli na kuzima yenyewe. Ukiuacha hadi mwakani, petroli inaruka, inabaki oili nzito iliyoganda kwenye kabureta. Ndiyo maana kila mwezi wa tano kaunta husikia: “Ilikuwa nzima kabisa, niliiweka tu ndani.”

Mashine ya boti nayo ni 2T. Natumia oili ileile?

Hapana. Mashine ya boti hupozwa kwa maji ya bahari na hufanya kazi ikiwa na joto dogo kuliko pikipiki au mashine ya salfa, na oili yake hutengenezwa bila majivu. Alama ya kutafuta ni TC-W3. Kinyume chake, TC-W3 kwenye mashine inayopozwa kwa hewa haivumilii joto lake. Kipimo fuata kitabu. Mashine mpya kwa kawaida huongezewa oili saa za mwanzo.

Mvuvi wa Msanga Mkuu au Kilwa Kivinje akisema “nipe na ya chini”, ana maana ya oili ya gia za panga (propela). Hiyo ni nyingine kabisa, mara nyingi 80W-90, na huingizwa kutoka tundu la chini hadi itokee la juu ili hewa isibaki ndani. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Vua panga uangalie nyuma yake kabla ya kulaumu oili: uzi wa nyavu au mshipi uliojiviringa kwenye shafti hukata sili.

Oili imekuwa nyeusi baada ya siku tatu. Mmeniuzia feki?

Kwenye dizeli, weusi wa haraka ni masizi yanayokusanywa na oili, nayo ndiyo kazi yake. Kwenye petroli iliyokaa muda mrefu bila huduma, oili mpya husafisha utando wa zamani na kuchafuka upesi. Dalili za kuogopa ni hizi: weupe wa maziwa (maji), harufu kali ya petroli na kiwango kinachopanda chenyewe (mafuta yanaingia kwenye sampu), na vumbi linalometa (chuma kinalika).

Kuna dawa ya kuzuia moshi? Gari nataka kuliuza.

Angalau mteja huyu ni mkweli. Dawa hizo huongeza uzito wa oili, moshi ukapungua kwa siku kadhaa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua: ukitoka asubuhi tu ukiwasha kisha ukakata, shuku sili za vavu, ukitoka unapokanyaga mafuta kupanda mlima, shuku ringi. Moshi mweusi hauhusiani na oili, ni mafuta mengi kuliko hewa. Ringi zilizokwisha haziponi kwa kopo.

“Niandikie risiti ya elfu thelathini, bosi ndiye anayelipa.”

Risiti ya EFD inaandika kilichouzwa. Kwa upande wa mabosi wanaouliza wafanyeje: mtake dereva alete kopo tupu na filta ya zamani, andika kilomita na tarehe kwa rangi kwenye filta mpya, na siku moja moja chomoa stiki mwenyewe. Bosi anayelipia lita 4 kila mwezi kwa gari linalokaa nyuma ya nyumba asimlaumu muuzaji.

Msimu wa korosho nimepata fedha. Ninunue ya bei juu kabisa?

Mnada ukishalipa, watu waliokuwa wanaomba nusu lita wanataka sinthetiki ya Boxer, tena makopo sita. Kama kitabu kinasema 20W-50 ya JASO MA, ya kawaida inayomwagwa kwa wakati inaipita ya ghali inayoachwa miezi mitano “kwa kuwa ni ya ghali”. Kununua ya akiba ni sawa: kopo lililofungwa hukaa miaka kadhaa likiwekwa ndani, kivulini, juu ya ubao, mbali na salfa na mbolea.

Ukilinganisha bei, angalia ujazo. Makopo mengine ni lita 4, mengine 5, na machoni yanafanana. La lita 4 kwa shilingi 60,000 ni 15,000 kwa lita. La lita 5 kwa 70,000 ni 14,000.

Naomba oili chafu ya kupaka nguzo na mnyororo.

Mnyororo usipakwe. Oili chafu ina masizi na unga wa chuma, unasugulia meno ya sproketi kila kilomita. Tumia oili ya gia namba 90, kidogo, kisha futa inayozidi. Nguzo watu wanapaka kufukuza mchwa, lakini isiwe karibu na kisima wala bustani ya mboga, na vaa glavu, kwa kuwa ngozi huinyonya. Isimwagwe mtaroni; mitaro ya Mtwara na Lindi inaishia baharini kwenye pweza na kamba mnaokula.

Oili ya breki imepungua, naweza kuongezea ya injini kidogo tu nifike?

Hata tone moja hapana. Oili ya injini huvimbisha mipira ya breki, breki zikang’ang’ania au zikakosekana. Nunua DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko kinavyosema. Ukishakosea, usiwashe gari. Mfumo wote usafishwe na mipira ibadilishwe.

Nimemtuma mtoto dukani. Aseme nini?

Asiseme. Mpe karatasi: “TVS 125, oili ya 4T 20W-50, JASO MA, lita 1, alete risiti na chenji.” Karatasi yenye neno “oili” peke yake imeshaleta nyumbani mafuta ya alizeti.

Nikikosea naweza kurudisha?

Kopo ambalo pete yake haijakatika na risiti ipo, maduka mengi yanabadilisha. Lililofunguliwa halirudi, hata kama “nimeonja tu kuangalia”, kwa kuwa hakuna atakayelinunua baada yako. Kwa hiyo kagua pete na namba ukiwa bado kaunta, na kama una shaka mpigie fundi kabla ya kulipa.